Namba za Kiarabu katika lugha ya Siwa, na swali la baba mmoja

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Katika mwezi wa Ramadhani uliopita, baada ya darsa ya alasiri, alinijia baba mmoja akiwa na swali ambalo alilitoa kwa kusitasita. Mama yake mzazi anaishi naye nyumbani. Ni mwanamke wa Kimijikenda, mcha Mungu, na kazi aliyojichagulia katika mwezi ule ni kuwagawia wajukuu tende wakati wa kufuturu. Kila anapogawa huhesabu kwa sauti, kwa lugha aliyolelewa nayo, na anapofika baada ya tano husema tandahu, fungahe, nane, chenda. Watoto, ambao hawajui ila Kiswahili na Kiingereza cha shule, walikuwa wakicheka. Yule baba akaona aondoe tatizo kwa njia ya mkato. Akamwambia mama yake: "Mama, wahesabie kwa namba za Kiislamu, sita, saba, tisa, ili watoto wasichanganyikiwe na wanayosoma madrasa." Tangu siku hiyo bibi yule anagawa tende kimya kimya. "Sheikh," akaniuliza, "nimekosea?"

Nilimjibu kwa ufupi kwa kuwa adhana ilikuwa imekaribia. Leo, kwa idhini yake, na bila ya kumtaja jina, napenda kulijibu swali lake kwa urefu, kwa sababu naamini haliko katika nyumba moja tu. Nitaomba msomaji anifuate kwanza mpaka mbali kidogo, katika jangwa la magharibi ya Misri, halafu turudi nyumbani.

Kiasi cha kilomita 50 kutoka mpaka wa Libya iko oasisi ya Siwa, yaani bonde lenye chemchemi, mitende na mizaituni lililozungukwa na mchanga pande zote. Kutoka mji wa pwani wa Marsa Matruh ni mwendo wa kilomita zipatazo 300. Wenyeji wake ni Waislamu, na maisha yao tangu zama yamekuwa ni tende na zaituni. Lugha yao, Kisiwa, si Kiarabu. Ni tawi la lugha za Waberberi, au Amazigh kama wanavyojiita wengi wao siku hizi, na ndilo tawi la mashariki kabisa miongoni mwa yote yanayosemwa hadi leo. Mwanahistoria mashuhuri wa Misri, al-Maqrizi, aliyefariki mwaka 845 Hijria (1442), aliwataja watu wa mahali hapo kuwa ni Waberberi wachache wenye lugha yao inayojulikana kwa jina la mji wao. Wasemaji wake leo ni makumi machache ya maelfu kwa kukadiria kwa ukarimu, na UNESCO imeihesabu miongoni mwa lugha zilizo hatarini.

Sasa msikilize Msiwa akihesabu. Moja ni *ejjen*. Na kwa kitu cha jinsia ya kike, *ejjet*. Mbili ni *sen*, na kwa jinsia ya kike, *snet*. Hapo ndipo Kisiwa chenyewe kinapokoma. Kuanzia tatu na kuendelea, mpaka kumi, mpaka mia, mpaka elfu, namba zote ni za Kiarabu. Kati ya namba kumi za mwanzo, wamebakiwa na mbili zao.

Wala hayo hayakuishia kwenye majina ya namba. Mtaalamu wa isimu kutoka Algeria, Lameen Souag, ambaye mwaka 2010 aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha London utafiti wake wa shahada ya udaktari kuhusu lugha mbili za jangwani, kimojawapo Kisiwa, ameonyesha jinsi Kiarabu kilivyoingia mpaka ndani ya sarufi. Wanapohesabu vipimo kama siku na miezi, hata jina la kipimo huja na namba yake kwa Kiarabu, tena katika umbo lile la wawili tunalolisoma katika nahau, *muthanna*. Hata kipimo cha kulinganisha, hiki ni kikubwa kuliko kile, wamekichukua kutoka katika mizani ya Kiarabu ya *af'al*, wakaitia ndani yake mizizi ya maneno yao wenyewe.

Lugha ya pili katika utafiti huo iko mbali zaidi, kusini magharibi ya Algeria, katika oasisi iitwayo Tabelbala. Huko watu wachache, maelfu machache tu, wanasema lugha ambayo asili yake ni Kisonghai, lugha ya watu wa mto Niger, wa Gao na Timbuktu. Iliwafuata wao au wao waliifuata katika njia ya misafara iliyounganisha Moroko na Sudani ya Magharibi. Hawa wamebakiwa na namba zao tatu: *affu*, *inka*, *inza*. Nne kwenda mbele ni Kiarabu.

Msomaji ataona mtindo. Namba ndogo, zile za nyumbani, za mama kumwambia mtoto achukue moja au apeleke mbili, hubaki. Namba kubwa hutoka kwanza, kwa sababu namba kubwa ni za soko. Mwenye tende haziuzi kwa jirani yake mwenye mitende kama yeye. Humuuzia mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuja na ngamia wake kutoka bonde la Nile au pwani, na katika kuhesabu mizigo na fedha hakuna nafasi ya kukosea. Pande mbili zikigombana kuhusu mizigo saba au minane, lazima wawe na neno moja wanalolielewa wote. Likiingia sokoni leo, kesho liko nyumbani.

Watu wengine wa ukoo ule ule wa Waberberi hawakufikwa na hayo. Wale wa kusini ya Moroko, wasemao Tashelhit, wana namba zao zote mpaka kumi, na kumi kwao ni *mraw*. Watuareg wa jangwani wanazo. Watu wa bonde la Mzab nchini Algeria, ambao ni Maibadhi na wanasifika kwa kushikamana na dini yao, nao wanazo namba zao za asili. Yazingatie haya, ndugu msomaji. Kama kuhesabu kwa Kiarabu kungekuwa ni kipimo cha Uislamu, ingebidi tuseme Msiwa ni Mwislamu zaidi kuliko mtu wa Mzab, na hakuna mwenye elimu atakayelitamka neno hilo.

Twende sasa kwetu. Wengi wetu tunasema moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa, kumi, wala hatuhisi kwamba katika safu hiyo wamesimama wageni watatu. Sita, saba na tisa ni Kiarabu. Yaliyobaki ni ya Kibantu. Neno nane limekaa pale katikati, mwenyeji aliyezungukwa na wageni. Na mgeni hujulikana kwa tabia yake, kwani namba ya Kibantu hufuata ngeli: watu watatu, vitabu vitatu, miti mitatu. Lakini ya Kiarabu haibadiliki: watu sita, vitabu sita, miti sita. Ni kama vile kwa Wasiwa, ambao moja na mbili zao huangalia jinsia ya kitu, ilhali zile za kuazima haziangalii.

Yale maneno yetu matatu ya zamani yalikuwa tandatu, fungate na kenda. Kenda bado tunalisikia kwa wazee na katika methali ya kenda karibu na kumi. Tandatu limetutoka. Fungate tunalo, ila tumelisahau maana yake: ni zile siku saba za bwana na bibi harusi kukaa ndani. Vijana leo husema wamekwenda fungate siku tatu, wala hapana anayewacheka, kwa kuwa hapana anayekumbuka kwamba neno lenyewe ni saba.

Basi yule bibi wa tende, anaposema tandahu, fungahe, chenda, anasema maneno ambayo babu zetu Waswahili waliyasema kwa matamshi yanayokaribiana mno na hayo. Wajukuu walicheka lugha ya bibi, kumbe walikuwa wanacheka Kiswahili cha zamani.

Na jambo jingine ambalo halisemwi sana ni kwamba maneno ya kuazima yanaweza pia kurudishwa. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakisema edashara kwa kumi na moja na thenashara kwa kumi na mbili, na kuendelea hivyo hivyo kwa Kiarabu. Mia mbili walisema miteni, na elfu mbili elfeni, kwa lile lile umbo la wawili ambalo Wasiwa wanalitumia. Leo nani anasema miteni? Tumerejea kwenye kumi na moja, kumi na mbili, mia mbili, elfu mbili, na Uislamu wetu haukupungua hata chembe. Thenashara limebaki kwenye vinywa vya wazee, na nduguye Ithnaasheri katika jina la madhehebu.

Hata wiki yetu ina mchanganyiko huo. Tunahesabu kuanzia Jumamosi, mosi, pili, tatu, nne, mpaka Jumatano ambayo ni siku ya tano. Kesho yake tunaingia Alhamisi, ambayo maana yake kwa Kiarabu ni ya tano pia, kwa kuwa Waarabu huanza hesabu yao Jumapili. Wiki moja, siku mbili za tano, na hatujawahi kupotea njia ya kwenda msikitini siku ya Ijumaa. Miezi nayo wazee waliihesabu kutokea Ramadhani, mfunguo mosi, mfunguo pili, mpaka mfunguo kenda (wengine husema mfungo), na mwezi wa maulidi, Rabiul-Awwal, ukawa ni mfunguo sita. Kalenda ya Kiislamu, ikasomwa kwa hesabu ya Kiswahili.

Sasa nije kwenye hukumu, kwa maana hapo ndipo alipokuwa na shaka yule baba.

Kwanza, hakuna kitu kiitwacho namba za Kiislamu. Abu Lahab alihesabu mali yake kwa *sitta* na *sab'a* kama walivyohesabu Masahaba. Tarakimu zenyewe tunazoziandika asili yake ni ya Kihindi, na Mwislamu al-Khwarizmi katika karne ya 9 aliandika kitabu maalumu kuwafundisha watu hesabu ya Wahindi bila ya kuona haya kutaja ilikotoka. Kiarabu ni lugha tukufu kwa kuwa Qur'ani imeteremka kwacho, na Imamu Shafii katika *ar-Risala* amesisitiza kuwa kila Mwislamu ajifunze Kiarabu kadiri ya uwezo wake, cha kumwezesha shahada, kisomo na dhikri zinazompasa. Hilo hatulipingi, bali tunalifundisha. Lakini kujifunza Kiarabu ni jambo moja, na kumfunga mama mdomo ni jambo jingine.

Pili, Allah (S.W.) katika Suratur-Rum, aya ya 22, ametaja kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi, akazifanya zote ni ishara Zake. Na katika Surat Ibrahim, aya ya 4, ametueleza kwamba hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Na Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Tirmidhi, alimwamuru Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze lugha ya Mayahudi, naye akajifunza kwa muda wa nusu mwezi. Ama ile riwaya inayosambazwa kwamba Waarabu wapendwe kwa mambo matatu, mojawapo likiwa kwamba lugha ya watu wa Peponi ni Kiarabu, Ibnul-Jawzi aliitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzushwa. Tusijenge nyumba juu yake.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi kwa upande wa fiqhi, sheria inaikubali namba kwa lugha yoyote. Mtu akikiri mbele ya kadhi kuwa anadaiwa kumi, na akasema kumi kwa lugha yake akiwa anaijua maana yake, deni limemthibitikia. Mwanamume akimtaliki mkewe kwa tamko la wazi la lugha yake, Imamu Nawawi katika *Minhaj* amebainisha kuwa tafsiri ya neno la talaka kwa lugha isiyokuwa Kiarabu ni tamko wazi kwa mujibu wa madhehebu. Na akitaja idadi, idadi hiyo haitenguki kwa kuwa haikutamkwa kwa Kiarabu. Je, lugha inayofunga ndoa, inayovunja ndoa na inayomlazimisha mtu deni, haifai kugawia tende?

Na katika kuhesabu kwenyewe, Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kwa vidole. Katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, alieleza kwamba sisi ni umma usioandika wala kupiga hesabu, kisha akaonyesha kwa mikono yake jinsi mwezi unavyokuwa, akikunja kidole gumba mara ya tatu kwa mwezi wa siku 29. Na aliwausia wanawake wahesabu tasbihi kwa ncha za vidole, kwa kuwa vidole vitaulizwa na kutamkishwa Siku ya Kiyama, kama ilivyo katika riwaya ya Abu Dawud na Tirmidhi. Vidole havina Kiarabu wala Kimijikenda.

Nirudi Siwa na Tabelbala, maana kuna jambo sikulimaliza. Mtu anaposikia kuwa watu wamepoteza namba nane kati ya kumi hudhani lugha hiyo imekwisha. Sivyo. Kisiwa kimeishi na namba za Kiarabu kwa vizazi na vizazi, na watoto wa Siwa wanakisema. Hao Waberberi tangu zamani walichukua neno la kuswali na neno la kufunga kutoka Kiarabu, wakayaviringa kwa matamshi yao mpaka Mwarabu wa leo hawezi kuyatambua kwa urahisi, na lugha ikazidi kunenepa. Mwanachuoni wao Muhammad Awzal wa kusini ya Moroko, aliyefariki mwaka 1749, aliandika fiqhi ya Imamu Malik kwa tungo za Kiberberi ili wasiojua Kiarabu, wanawake na wachungaji, waijue swala yao. Kwetu, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliandika vitabu vya dini kwa Kiswahili, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy akatuachia tafsiri yake ya *Qurani Takatifu* iliyotoka kamili mwaka 1969. Hawakuona kuwa wanaishusha dini.

Balaa la Tabelbala halikuletwa na namba. Lilikuja katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wazazi walipoamua, kwa nia njema kabisa, kuwasemesha watoto wao Kiarabu peke yake ili wafaulu shuleni. Hawakukatazwa na serikali wala na sheikh. Walikaa nyumbani, baba na mama, wakaamua kuwa lugha yao haina faida kwa mtoto. Maneno *affu*, *inka*, *inza* yaliyostahimili misafara ya karne nyingi yakaanza kukosa mtu wa kurithi. Kuazima hakuui lugha. Kinachoiua ni mzazi kunyamaza mbele ya mtoto wake.

Na mara nyingi huwa hakunyamaza mwenyewe, amenyamazishwa. Mimi mwenyewe nilipokuwa madrasa nilikuwa na mwalimu, Allah amrehemu, aliyetuchapa tukisema lugha za nyumbani ndani ya banda, akidai zinaharibu makhraji. Nikaenda nyumbani nikamwambia mama yangu asinisemeshe kikwetu mbele ya wenzangu. Hakunijibu neno. Nilikuwa na umri wa miaka 9. Yule baba alipokuwa akinieleza habari ya mama yake, nilijua vizuri jinsi kimya hicho kinavyokuwa.

Kwa hiyo jibu langu kwake lilikuwa hili: ndiyo, umekosea, na kosa lako si katika isimu bali katika haki ya mzazi. Katika Surat al-Israa, aya ya 23, tumekatazwa hata kutamka neno dogo kabisa la kuchukizwa mbele ya wazazi wetu. Kumwambia mama, mbele ya wajukuu, kwamba hesabu yake si ya Kiislamu ni zaidi ya neno dogo. Mwende umwombe radhi, na umwombe mbele ya watoto wale wale waliocheka, kisha wakae chini wahesabiwe upya. Watoto wafundishwe *wahid, ithnan, thalatha* madrasani, moja, mbili, tatu sokoni, na zile za bibi nyumbani. Akili ya mtoto haijai kwa namba kumi.

Wallaahu aalam.

Siku ya Idi alinipigia simu. Nikamuuliza habari ya mama. Akasema hajambo, na siku ya pili baada ya kuombwa radhi alianza tena kuhesabu, ila kwa sauti ya chini. Mjukuu mdogo, wa miaka 5, alikuwa akimsogezea sikio karibu na mdomo ili asikie.